Mwendo wa Kuimba

Kibondo,
14 Januari 2024

Mwanangu Zuhra,

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba zoezi lisilokata pumzi si zoezi. Wanauona mwili kama punda: ukigoma, ongeza fimbo. Utanisamehe kulitanguliza neno hili mbele ya salamu, lakini limenikaa kooni tangu harusi ya jamaa yetu Abdalah, na mimi nikianza na salamu huwa nafika mwisho wa karatasi kabla sijasema nilichokusudia.

Basi, salamu. Hapa Kibondo sote wazima. Maharage tumevuna, ingawa mvua iliyakuta bado yako uwanjani. Masikio yangu yanazidi kuniacha. Simu kwangu sasa ni mzinga wa nyuki, ndiyo maana naandika. Barua hii anaileta Athuman, yule anayekuja Kasulu kufuata vipuri vya pikipiki. Jibu mpe yeye.

Pale harusini nilikuangalia sana. Jua la saa saba, wanawake wote wanajipepea kwa kanga, wewe umevaa sweta. Uliponiamkia, mkono wako ulikuwa wa baridi kama umetoka kufua. Ulipoinama kupokea sahani, ushungi ukarudi nyuma, nikaona nywele za mbele zimepungua. Pilau uliisukuma pembeni ukala kachumbari. Na wenzako wakawa wanakusifu: "Zuhra umepungua, hongera!" Mimi nimefundisha wauguzi miaka ishirini na miwili. Sikuweza kukupa hongera.

Nilipokuuliza, ulisema unakimbia ili usije ukawa kama mama yako. Nakuelewa. Ulikuwa mtoto yeye, wifi yangu Tunu, alipoota rovu, ule uvimbe wa shingo, akawa mzito, anasinzia huku ameshika mwiko, na watu wakamwita mvivu. Lakini ile tezi ya shingoni haifukuzwi kwa mbio.

Nina maswali matatu. Unakimbia kiasi gani, na kwa kasi gani? Unakula nini siku ya kukimbia? Na siku zako za mwezi, zinakuja kwa wakati? Nijibu yote matatu.

Msalimie mkwe wangu Nurudini.

Shangazi yako,
Rabia


Kasulu,
9 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Asalaam alaykum. Barua yako ilikaa kwa Athuman siku kumi na moja ndani ya boksi la tairi. Anasema alisahau. Tangu lami ifike, naona barua zinachelewa kuliko enzi za vumbi.

Huku hatujambo. Nurudini anakusalimu, dukani kwake vitenge vinatoka vizuri. Shule imefunguliwa na nimepewa darasa la tatu, watoto tisini na nne. Mama nilimwona Makere wiki iliyopita, yuko vizuri, anakuulizia kama bado unasahihisha barua za watu kwa kalamu nyekundu.

Sweta lilikuwa jipya, shangazi. Nililivaa ili lionekane.

Haya, maswali. Kikundi chetu tuko kumi na wanane, walimu na watumishi wa halmashauri na wafanyabiashara wachache. Kiongozi wetu ni Haidari, ana saa ya kuhesabia mbio. Tunakimbia siku tano kwa wiki, kilomita kumi na mbili, na Jumamosi tunapanda kilima mara nane bila kupumzika. Wengine huwa wanataka kuimba kama watoto wa mchakamchaka, Haidari amekataza. Anasema, "Mwenye pumzi ya kuimba, hiyo pumzi aitie miguuni." Mimi sasa ni wa tatu kwa kasi, na wanawake wote nimewaacha nyuma.

Chakula: asubuhi chai kavu, mchana ugali nusu ya niliokuwa nakula zamani na mboga, jioni tunda. Chumvi nimeacha kabisa, maana inatunza maji mwilini.

Huu ni mwaka wangu wa nne wa ndoa, shangazi, na wewe hujawahi kuniuliza kama mama mkwe anavyoniuliza. Nakushukuru kwa hilo. Haidari anasema mwili mzito ni mgumu kushika mimba. Ndiyo maana najikaza. Nikichoka nafikiria mtoto, naongeza mbio.

Athuman anapiga honi. Naishia hapa.

Mwanao,
Zuhra


Kibondo,
20 Februari 2024

Mwanangu Zuhra,

Marahaba. Wa alaykum salaam. Mwambie mama yako kalamu nyekundu bado ninayo, na barua yake ya mwisho ilikuwa na makosa saba. Huku jirani yangu Makarius amepata mjukuu na ng'ombe wake amezaa wiki hiyohiyo, kwa hiyo kwake kuna furaha mbili na usingizi hakuna.

Nilikuuliza maswali matatu. Umejibu mawili na sweta. Nitasubiri.

Wakati nasubiri, nikueleze jambo, nalo soma polepole. Ile tezi iliyo mbele ya koo, tunayoiita thairoidi, ni kama mama wa nyumba anayepima unga. Anaangalia kilichomo ghalani, anaangalia kazi iliyopo, kisha anaamua moto uwake kiasi gani. Homoni zake ndizo zinazoupa mwili joto, zinaotesha nywele, zinaharakisha moyo na kusukuma choo. Sasa wewe umemletea vibarua kumi na wawili, yaani zile kilomita zako, kila siku wanadai kula, na papo hapo umempunguzia unga nusu. Atafanya nini? Atapunguza moto. Ndiyo maana mikono ni ya baridi. Atasema nywele zingoje. Mwili utatoa zaidi ile homoni ya hatari, inayotuamsha tunapokimbizwa na mbwa, na kwa kuwa wewe unakimbizwa kila siku, haipati muda wa kushuka. Na mgeni wa kwanza kufungiwa mlango katika nyumba ya namna hiyo ni mtoto. Siyo kwamba mwili umekuchukia. Unaona njaa, unaona mbio, unahesabu kwamba huu si mwaka wa kuzaa.

Sikukatazi mazoezi. Kutembea haraka, kukimbia kidogo, kulima kwa kiasi, hayo yanaisaidia tezi na homoni zote. Na hata mbio za kukata pumzi zina mahali pake, mara moja au mbili kwa wiki, kwa mtu anayekula akashiba na kupumzika. Tatizo ni ukali kila siku juu ya tumbo tupu.

Kuhusu chumvi: mama yako alikulia kwenye chumvi ya mawe, isiyo na madini joto, yaani ayodini, tena waliiweka wazi juu ya meko ili isiloe. Shingo za nyanda hizi zilivimba kwa ajili hiyo. Tezi bila madini joto ni fundi bila msumari. Rudisha chumvi ya pakiti, kidogo tu, na kopo lake lifungwe.

Swali la tatu bado lipo.

Shangazi yako,
Rabia


Kasulu,
14 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Idi njema. Najua nimechelewa. Kulikuwa na mitihani, kisha Ramadhani, na katikati yake wageni wa Nurudini kutoka Tanga waliokaa wiki mbili na kusema Kasulu kuna baridi kama friji.

Mvua zimekuwa nyingi. Mama ameanza kuvuna mahindi ya kuchoma na ametuletea karai zima. Barua yako niliisoma. Ile habari ya vibarua ilinichekesha.

Usinione mbishi. Nimerudisha chumvi. Ila kukimbia siwezi kuacha sasa. Nimekuwa nikichoka sana mchana, mpaka juzi nilisinzia darasani na mtoto mmoja akaniambia, "Mwalimu, kengele." Nimeona niongeze mazoezi ili uchovu utoke. Na habari njema, nafurahi kukuambia wewe uliyenifundisha kufunga nikiwa na miaka tisa: mwaka huu nimefunga Ramadhani yote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, sikuacha hata siku moja, na jioni kabla ya futari nilikuwa nakimbia kilomita sita. Haidari amenitaja mbele ya kikundi.

Nurudini anakusalimu.

Zuhra


Kibondo,
17 Aprili 2024

Zuhra mwanangu,

Leo sina habari za ng'ombe.

Mwanamke wa miaka thelathini na moja, asiye mjamzito, asiyenyonyesha, amefunga mwezi mzima bila kuacha siku hata moja, na mwenye hedhi hafungi. Umenijibu swali la tatu bila kukusudia. Nimesoma mstari huo mara nne, nikavua miwani.

Ni muda gani sasa? Miezi mitatu? Mitano? Na umeniandikia kama ushindi.

Sikugombezi. Nenda hospitali wiki hii. Kwenu kuna daktari mmoja aliyehamishwa kutoka Kilimanjaro, Elisante, alikuwa mwanafunzi wangu wa mafunzo kwa vitendo. Mwambie yote uliyoniambia na uliyonificha. Apime kwanza mimba, kisha damu, kisha homoni za tezi. Mimi kwa barua siwezi kujua kama tezi yako yenyewe inaugua kama ya mama yako, au ni nzima ila imepunguza moto kwa ajili ya njaa na mbio. Kwa nje dalili zinafanana: baridi, uchovu, nywele, hedhi. Dawa hazifanani. Ya kwanza inataka vidonge kila asubuhi, pengine maisha yote. Ya pili inataka sahani iliyojaa. Usinywe kidonge cha mtu, na usikubali mtu yeyote akukisie, hata mimi.

Mpaka upate majibu, usikimbie.

Unashangaa kwa nini nakushikilia hivi. Nitakuambia, na ukimaliza kusoma uamue mwenyewe kama bado mimi ni mtu wa kusikilizwa. Mwaka tisini na tisa mama yako alinijia akilalamika uchovu na unene. Nilikuwa na cheti kipya na sauti kubwa. Sikumshika shingo. Nilimwambia, "Wifi, ongeza jembe, jasho litautoa huo uzito." Aliongeza jembe miaka miwili. Alilima mpaka sauti ikakauka na shingo ikavimba wazi, ndipo nikaona. Lile kovu la upasuaji analolifunika kwa mtandio, kila nikilitazama naona mdomo wangu.

Sijawahi kumwomba radhi. Nilikuwa naogopa atanikumbusha siku nyingine ambazo nimezisahau.

Nenda hospitali.

Rabia


Kasulu,
25 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tuko wazima, na safari hii neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika.

Ni miezi saba. Hedhi ilikoma Oktoba. Kila mwezi nilikuwa nafikiri ndiyo mimba, napima, siyo, nalia bafuni, kesho yake naongeza kilomita. Sikumwambia Nurudini. Sikumwambia mtu. Nilipopata barua yako nilikaa nayo siku mbili ndani ya daftari la mahudhurio, kisha nikampa Nurudini aisome. Akasoma mpaka mwisho, akasema, "Kumbe nimeoa mwanariadha, nami nilidhani nimeoa mwalimu." Kisha akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hajalifanya hata siku ya mazishi, akanipeleka.

Daktari Elisante aliniuliza maswali yaleyale matatu kwa mpangilio uleule wako. Nikacheka, akashangaa. Nikamwambia ni ya nani. Akasema, "Yule mama alitufanya tushike shingo za wagonjwa mpaka tukaziota."

Damu ilisafirishwa mbali, majibu yakachukua wiki tatu. Wiki hizo sikukimbia. Nilikuwa kama mbuzi aliyefungwa. Nilienda Makere kukaa na mama, nikamsomea barua yako, na sehemu inayomhusu pia. Naomba unisamehe kama nimekosea.

Mama alichambua mchicha wote. Kisha akasema, nami nimeandika vilevile alivyosema: "Mwambie wifi yangu aache kujipa ukubwa. Anadhani nililima kwa sababu ya maneno yake? Nililima kwa sababu kaka yake hakupenda jembe! Na aliyenibeba mpaka Kigoma, akalala sakafuni chini ya kitanda changu siku tisa, akigombana na manesi kuhusu mashuka, ni nani? Hilo amelisahau, analokumbuka ni jembe. Mwambie mtandio nauvaa kwa sababu ni mzuri. Na aje, nimemsubiri aje mwenyewe tangu mwaka huo, siyo barua." Alicheka huku akijifuta macho kwa kiganja chenye udongo.

Majibu ni haya. Mimba hakuna. Tezi yangu haiugui. Homoni inayoiamrisha tezi iko sawa, ila ile inayofanya kazi mwilini iko chini, na homoni za uzazi nazo ziko chini. Daktari anasema ni mwili unaojihami, na mara nyingi hurudi. Hakuna vidonge vya kudumu. Kula mara tatu na kitu kidogo katikati, lala, miezi miwili ya kutembea tu, kisha apime tena.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikala chapati mbili na maharage. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Mwanao,
Zuhra


Kibondo,
2 Juni 2024

Zuhra,

Alhamdulillahi.

Kalamu haitaki kuandika zaidi ya hapo leo. Kesho nakwenda Makere kwa mama yako.

Rabia


Kasulu,
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku kiangazi kimekolea, vumbi limerudi hata penye lami. Mama anasema ulikaa kwake siku sita na mligombana kuhusu namna ya kukaanga dagaa, na kwamba hajafurahi hivyo siku nyingi. Umeacha miwani yako kwake. Anaivaa kusomea redio, anasema anasikia vizuri zaidi.

Siku zangu zimerudi. Tarehe mbili Julai, nikiwa ubaoni nafundisha kugawanya. Sikuamini. Nilidhani ni bahati tu, lakini zimekuja tena mwisho wa Julai, kwa wakati. Nurudini nilimpigia simu dukani, akapiga kelele mpaka wateja wakauliza ameshinda nini. Akawaambia, "Mke wangu ana njaa!"

Vipimo vimerudiwa. Daktari Elisante ameandika "kawaida" na kuipigia mstari chini, nadhani kwa ajili yako; karatasi yenyewe nimekuwekea humu. Mikono yangu ina joto. Kwenye paji la uso zimeota nywele fupi zinazosimama, watoto wa darasa la tatu wanaziita nyasi.

Haidari alikuja shuleni kuniuliza lini narudi, maana nimepoteza nafasi ya tatu. Nikamwambia sasa nakimbia mchakamchaka na wanafunzi, asubuhi mara tatu kwa wiki, na tunaimba njia nzima. Akasema, "Hiyo ni michezo ya watoto." Nikamwambia, "Wewe imba beti mbili ukiwa unapanda kilima, tukuone." Akajaribu pale uwanjani mbele ya watoto. Alipofika nusu ya ubeti wa kwanza akakohoa, watoto wakaanguka kwa kicheko, naye akacheka pia. Wiki iliyopita nimesikia kikundi chake kikiimba.

Mimba bado, na leo naweza kuliandika neno hilo bila kulifuta.

Ila nina kosa la kukiri. Jana nilisahihisha madaftari mpaka jioni, sikula mchana, na leo nimeamka nikitaka kukimbia ili nifidie.

Zuhra


Kibondo,
18 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Miwani aivae tu, mimi nina nyingine. Makarius anakusalimu. Amekata mti kwenye mpaka wetu na tumesuluhishana.

Umekiri bila kuulizwa. Mwaka huu hilo limenifurahisha kuliko karatasi ya Elisante, nayo nimeiweka ndani ya msahafu.

Hakuna cha kufidia. Sahani iliyokosa kuliwa jana hailipwi kwa jasho la leo, na mwili haukudai adhabu. Mtoto akija, atakuja katika nyumba yenye moto. Asipokuja mapema, bado nyumba ina moto, na wewe ndiye mwenye nyumba.

Barua hii Athuman ameahidi kuifikisha leoleo, nami nimemshikia pikipiki mpaka ameapa. Kwa hiyo, mimi shangazi yako Rabia nasema neno moja tu: usiniandikie kwanza, kula ushibe, vaa raba, kisha jioni ya leo utembee nusu saa kwa mwendo ambao unaweza kuimba.